Wanajeshi wetu Somalia: warudi nyumbani au wabaki?

MLETA HOJA

Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Wanajeshi wa KDF, Jeshi la Ulinzi la Kenya, watoke Somalia. Sisemi watoke kesho, wala sisemi wakimbie. Nasema Bunge la Kenya lipitishe tarehe ya kutoka, itangazwe hadharani, na isisogezwe mbele ila kwa kura nyingine ya Bunge hilohilo.

Tukumbushane walivyoingia. Mwaka 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa katika pwani ya Lamu, kisha Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Serikali ya Mwai Kibaki ikaamuru jeshi livuke mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi, na jina lenyewe lilitangaza kazi yake: kuwafukuza Al-Shabaab karibu na mpaka wetu. Kifungu cha 240 cha Katiba kinataka Bunge liidhinishe jeshi kupelekwa nje ya nchi. Wabunge walikuja kupiga kura Desemba, ya kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, wakati magari ya deraya yalikuwa yameshakwama katika matope ya kusini mwa Somalia kwa wiki kadhaa.

Mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayo ikatwaliwa. Adui alipoteza bandari iliyokuwa ikimlisha. Siku ile ndiyo tulipaswa kuuliza kazi iliyobaki ni ipi, na itajulikanaje kwamba imekwisha. Sijawahi kusikia serikali yoyote, ya Kibaki, ya Uhuru wala ya Ruto, ikilijibu swali hilo kwa sentensi moja inayoeleweka.

Tumeachia wengine watupangie kalenda. AMISOM ilipoanzishwa Januari 2007 ilipewa miezi sita. Ilikaa miaka 15. Aprili 2022 ikageuzwa ATMIS, iliyotakiwa kumaliza Desemba 2024, na njiani Somalia yenyewe ikaomba upunguzaji wa wanajeshi usimamishwe kwa siku 90. Januari 2025 ikaja AUSSOM, na mwisho wake umeandikwa kuwa 2029. Aliyeziona tarehe zile za kwanza zikipita ana sababu gani ya kuiamini hii?

Linaloniumiza kuliko yote ni El Adde. Alfajiri ya 15 Januari 2016 kambi yetu katika eneo la Gedo ilivamiwa na kutekwa. Mpaka leo serikali ya Kenya haijawaambia wananchi ni wanajeshi wangapi walikufa pale. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, ndiye aliyetaja idadi ya kati ya 180 na 200, na jeshi letu likaikana bila kutoa idadi yake. Mwezi Mei 2023 wanajeshi wa Uganda walipovamiwa Buulo Mareer, hukohuko Somalia, Museveni mwenyewe aliwatangazia wananchi wake kwamba 54 wameuawa. Uganda haikusambaratika kwa kuambiwa ukweli. Nchi isiyoweza kuhesabu wafu wake hadharani haiwezi kupima kama vita vinafaa kuendelea, maana imeficha upande mmoja wa mizani.

Najua jibu linalotolewa kila mara: tunapigana kule ili tusipigane huku. Lakini mauaji yametokea hukuhuku kwetu: Westgate, Septemba 2013, watu 67. Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya 60. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. DusitD2, Januari 2019, watu 21. Sisemi kwamba kuingia Somalia ndiko kulikozaa mauaji hayo yote. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi mwaka 1998, tukiwa hatuna hata mwanajeshi mmoja kule. Ninachosema ni kwamba ahadi tuliyopewa haikutimia. Tena itazameni Garissa kwa makini: shambulio lilianza alfajiri, kikosi maalumu cha polisi, Recce, kikafika alasiri. Mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera. Kambi zetu za ng'ambo ya mpaka zingemzuia vipi kijana huyo?

Karibuni. Anayeona wabaki aseme wabaki mpaka lini, na kwa kazi gani.

MCHANGIAJI KUTOKA MANDERA

Ndugu yangu, nimekusoma kwa heshima, lakini unazungumza kama mtu ambaye mpaka ni mstari kwenye ramani. Sisi tunalala juu yake.

Novemba 2014 watu 28 walishushwa kutoka basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi, wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wanaokwenda likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Koromey. Walimu kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi, na shule zetu hazijapona hadi leo. Basi unapotaja hasara za vita hivi, weka na mtoto wa darasa la saba aliyekaa bila mwalimu wa hesabu.

Umeitaja El Adde. Mbona hukusema yaliyofuata? KDF walipoondoka El Adde na Badhaadhe baada ya shambulio lile, Al-Shabaab waliingia. Januari 2009 Waethiopia walipotoka Baidoa, mji ulianguka papo hapo. Kabul nayo ilianguka Agosti 2021 kabla hata Wamarekani hawajamaliza kuondoka. Kila pengo linalojitokeza, tunajua ni nani hulijaza. Al-Shabaab wakirudi Kismayo na Dhobley, mji wa Somalia ulio jirani na mpaka wetu, watalala umbali gani na sisi?

AFANDE MSTAAFU

Wanangu, niongeze neno moja la kazi. Kuondoka ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote. Msafara unaorudi hupita barabara zilezile adui alizozizoea, na mabomu ya kutegwa ndiyo silaha yake kuu. Ukitangaza tarehe, naye anaandika yake. Na kambi haikabidhiwi kwa karatasi. Lazima awepo mwenye kuipokea, mwenye risasi, chakula, mishahara na njia ya kuwatoa majeruhi. Waliokuwa wapokezi, jeshi la Mogadishu na wapiganaji wa Ahmed Madobe, kiongozi wa jimbo la Jubaland kusini mwa Somalia, walipigana wao kwa wao Ras Kamboni Desemba 2024, na baadhi ya wanajeshi wa Mogadishu wakakimbilia upande wetu. Sasa nyinyi mnaosema tukabidhi, tumkabidhi nani?

MLETA HOJA

Mzee wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote, na sitalikwepa. Ila liangalie na upande wa pili. Tumekaa kule zaidi ya miaka 13 tukisema tunasubiri Wasomali wawe na jeshi moja. Mwaka 2024 wanapigana karibu kabisa na mpaka wetu, na sisi tuko hapohapo. Basi kuwepo kwetu hakujawaunganisha. Kuna hata namna kunavyozuia. Madobe aliingia Kismayo akiwa upande wetu, na Mogadishu inajua hivyo. Kila wanapogombana, sisi tunaonekana kama mshirika wa upande mmoja. Katikati ya hayo Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi nasi Desemba 2020, na Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu ya kesi ya mpaka wa baharini ambayo Somalia ilitushtaki. Mlinda amani ambaye mwenyeji anamshtaki mahakamani yuko katika hali ya ajabu sana.

Wapo watakaosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sawa, tumeyaoga. Hakuna aliyesema tukae majini mpaka tuzame.

Kuhusu tarehe kumsaidia adui: afande, hilo ni kweli kwa siku na saa ya msafara kuondoka kambi fulani, na hizo zibaki siri ya jeshi. Mwaka wa kumaliza ni jambo la kisiasa. Mwaka huo usipowekwa, wanasiasa wa Mogadishu na wa Kismayo hawana sababu ya kuharakisha, kwa kuwa gharama ya kuchelewa kwao inalipwa na familia za Eldoret, Kitui na Kakamega. Baidoa ilianguka kwa sababu hakukuwa na anayeshika nafasi. Hiyo ni sababu ya kutoka kwa awamu, kambi baada ya kambi, za mbali kwanza, zile za jirani na mpaka mwisho. Tena nakubaliana na ndugu wa Mandera kwamba ukanda wa Dhobley uwe wa mwisho kabisa, na usiachwe kabla upande wetu haujajazwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo hasa. Anayetoka kule asirudishwe kambini Nairobi. Fedha, magari na uzoefu vihamie mpakani: Mandera, Wajir, Garissa, msitu wa Boni, barabara ya Garsen hadi Lamu. Ndugu yangu wa Mandera, ungepewa kikosi hicho leo, ungekiweka wapi kwanza?

MCHANGIAJI KUTOKA MANDERA

Hapo umeuliza vizuri. Ningekiweka kati ya Elwak na Mandera mjini. Februari 2025 machifu wetu watano walitekwa huko wakiwa kazini, wakakaa mikononi mwa watekaji hadi Aprili. KDF walikuwa Somalia wakati huo wote. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kuwepo kwao kule kunatutosha.

Lakini sharti langu ni hili: nione kikosi hicho kimefika kwanza, kina maji, kina redio inayofanya kazi, na kinawajua wenyeji kwa majina badala ya kutushuku sote kila bomu linapolipuka. Msako wa kukamata vijana ovyo ndio unaowapa Al-Shabaab watu. Mkinionyesha hayo, nitakuunga mkono kuhusu tarehe. Msiponionyesha, wanajeshi wabaki Dhobley, nami nitawapinga nyote mnaotaka warudi.

MLETA HOJA

Nalipokea sharti hilo lote, nami naliongezea la kwangu. Kabla ya kura yoyote, Kamati ya Ulinzi ya Bunge iwekewe mezani, kisha nasi tuone, mambo matatu: idadi ya wanajeshi waliokufa Somalia tangu 2011 mwaka kwa mwaka, ikiwemo ya El Adde, fedha ambazo Kenya imetumia na zile ilizorudishiwa, na orodha ya kambi zilizopo, kila moja na kazi yake. Nani humu anaona ombi hilo ni baya, na kwa sababu gani?