Shoki ya nyuma ya DT175 yavuja: niifufue au nibadilishe?

Wakuu, naomba ushauri. Ni pikipiki ya zamani, Yamaha DT175, yenye shoki moja tu nyuma, ya oili na gesi ya shinikizo. Oili inatoka kwenye sili (mpira wa kuzuia oili), na fimbo inayoingia na kutoka kwenye shoki ina vishimo vya kutu, ukipitisha ukucha unakwama. Chumvi ya pwani hiyo. Nikitia sili mpya juu ya fimbo hii, itachanika tena.

Fundi mmoja Changamwe ataka kuifungua na kujaza oili ya injini. Sikubali: gesi isipotolewa kwanza, kifuniko chaweza kumrukia usoni.

Hapa Mombasa nani anapaka fimbo kromu ngumu upya na kuisaga iwe laini, na wapi wanajaza naitrojeni, ile gesi ya shoki? Au nitafute ya mtumba? Urefu nitapima kutoka tundu la bolti la juu hadi la chini. Ugumu wa springi ndio unanitatiza, kwani nabeba abiria.