Jino la Zuhra

Kikundi: Nyumba ya Ngamiani

JUMATATU USIKU

Mama Zuhra (8:09): Samahanini kuwaamsha. Kuna aliye macho? Zuhra anaharisha tangu magharibi. Hii ya sasa ni mara ya sita, maji matupu. Na mwili una joto.

Mjomba Omari (8:11): Niko macho, huku Muscat ni saa tisa sasa. Anatapika?

Mama Zuhra (8:12): Mara moja, uji wote wa jioni. Na anasaga fizi, anatafuna mpaka ncha ya khanga yangu. Baba yake ameingia zamu ya usiku. Niko peke yangu naye hapa.

Mjomba Omari (8:12): Mpigie Rehema.

Mama Zuhra (8:13): Dada hapokei. Yuko kazini wodini.

Wifi Saida (8:17): Pole sana wifi. Mimi nimekaa na jambo hili tangu uliponiambia jioni, nikawa naogopa kulisema. Jirani yangu, yule mwenye mapacha, anasema homa, kuharisha na kusaga fizi kwa mtoto wa umri huo ni meno ya plastiki. Wa kwake waliugua hivyo hivyo. Kuna mama mmoja huku kwetu anayatoa, dakika tano tu, watoto wakapona. Ukitaka, asubuhi nakuja na bajaji tunakwenda wote.

Mama Zuhra (8:21): Nimemmulika kwa tochi ya simu. Fizi za juu zimevimba, kushoto na kulia. Ndani kuna kitu cheupe kama punje ya mchele. Wifi, naogopa. Kama ndiyo yenyewe je?

Wifi Saida (8:22): Ndiyo maana nimekwambia. Sitaki mtoto ateseke.

Mama Mkubwa Rehema (8:31): Nimesoma zote, nilikuwa na mgonjwa. Mdogo wangu, mdomo uache kwanza, tuanze na maji ya mwilini. Nijibu haraka. Ananyonya? Akilia machozi yanatoka? Kwenye kinyesi kuna damu?

Mama Zuhra (8:32): Ananyonya, tena kwa pupa. Machozi yapo. Damu hakuna.

Mama Mkubwa Rehema (8:33): Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, pembeni ya kitovu, halafu uiachie. Inarudi vipi?

Mama Zuhra (8:34): Imerudi papo hapo.

Mama Mkubwa Rehema (8:34): Macho yamezama?

Mama Zuhra (8:35): Hapana. Amechoka lakini ananiangalia, na nikimwita anageuka.

Mama Mkubwa Rehema (8:36): Alhamdulillah. Una ORS ndani, zile pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini?

Mama Zuhra (8:36): Pakiti mbili. Nilipewa kliniki.

Mama Mkubwa Rehema (8:38): Maji yaliyochemka na kupoa, lita moja kamili. Kama una chupa za nusu lita, jaza mbili. Mimina pakiti yote humo, ukoroge mpaka iyeyuke. Usiigawe pakiti na usiongeze sukari. Kila akiharisha mpe robo mpaka nusu kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi halafu uanze tena polepole zaidi. Ziwa usimnyime hata kidogo. Soda na juisi usimpe, zitamzidishia kuharisha. Yakibaki mpaka kesho usiku saa kama hii, mwaga utengeneze mapya.

Mama Zuhra (8:52): Anakataa. Amekipiga kikombe, yote yamemwagika godorofani. Nami nimelia pamoja naye.

Mama Mkubwa Rehema (8:53): Lia mama, halafu chukua kijiko. Kimoja, hesabu mpaka sitini, kingine.

Mjomba Omari (8:55): Na kile kikombe cha bati cha bluu, alichopewa na bibi yake? Mlipokuja Idi alikuwa halali bila kukikumbatia.

Mama Zuhra (9:06): Omari! Anakunywa. Kakishika mwenyewe kwa mikono miwili, kakichungulia ndani kwanza, halafu kanywa. Akipumzika anagonga meno kwenye ukingo wa bati, anasikiliza mlio, anakunywa tena.

Mama Mkubwa Rehema (9:07): Hapo hapo. Usimharakishe.

Mama Mkubwa Rehema (9:24): Sasa nizungumze na dada yangu Saida, na ninazungumza kwa heshima, maana najua unampenda Zuhra kama mwanao. Meno ya plastiki hayapo. Kile cheupe ndani ya fizi ni jino la chonge linalojiandaa kutoka. Zuhra ana miezi 17, na chonge za utotoni huanza kuchomoza kuanzia kama miezi 16. Anayeyatoa anachimbua jino halisi ambalo bado ni laini, na ndiyo sababu linaonekana kama plastiki. Anachimba bila ganzi, kwa chuma ambacho hujui jana kilikuwa kinywani mwa nani. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, anaweza kuambukizwa, anaweza kupata pepopunda. Na chini ya jino hilo kuna mbegu ya jino la ukubwani. Ikiguswa, jino la ukubwani linaota limepinda au halioti kabisa.

Wifi Saida (9:29): Lakini mapacha walipona, dada. Niliwaona kwa macho yangu.

Mama Mkubwa Rehema (9:33): Walipona, naamini. Kuharisha kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache mtoto akipewa maji ya kutosha. Mzazi humpeleka siku ya tatu au ya nne akiwa amechoka na hofu, kesho yake tumbo linatulia, sifa inakwenda kwa aliyetoa meno. Na ugonjwa wenyewe una njia yake: mtoto wa umri huu anatia kila kitu mdomoni, kandambili, udongo, rimoti. Vijidudu vinaingia hapo.

Mama Zuhra (9:58): Amelala. Ameharisha mara moja tu tangu aanze kunywa. Nimemlaza kifuani. Asanteni.

JUMANNE

Baba Zuhra (1:20 asubuhi): Nimetoka kazini nakuta haya yote. Shemeji Rehema, sijui niseme nini. Tunakwenda zahanati sasa hivi.

Bibi (2:05 asubuhi): [Ujumbe wa sauti, umeandikwa na Omari kwa ajili ya wasioweza kusikiliza kazini]

"Asalaam aleikum wanangu. Nimeamka, nimesomewa yote na mjukuu hapa. Saida mwanangu, usijisikie vibaya. Ulilosema wewe jana ndilo nililoambiwa mimi mwaka 1992, na mimi nikalifanya. Omari alikuwa hajatimiza mwaka na nusu. Anaharisha, anachemka, usiku wa tatu silali. Wakaniambia ni meno ya nailoni. Nikambeba mgongoni, nikaenda mwenyewe kwa miguu yangu. Yule mtoaji meno alikuwa na spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha. Nikaambiwa nimshike kichwa, nikamshika. Damu ikajaa kwenye khanga yangu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, ikawa mdomo unafunguka tu, hakuna kinachotoka. Ile khanga sikuivaa tena. Nimemaliza."

Mjomba Omari (2:31): Nimeandika huku mikono inatetemeka. Mama, miaka yote mimi najua nilianguka mwembeni.

Bibi (2:40): [Ujumbe wa sauti]

"Niliyesema mwembe ni mimi, baba. Ulipofika darasa la sita meno ya wenzio yakaota, yako ya chonge hayakuota, ukaniuliza. Nikaona haya. Nikasema ulianguka ukiwa mdogo. Nisamehe."

Mjomba Omari (2:58): Mama yangu, sina cha kukusamehe. Ulikuwa na miaka 23, mtoto anakufa mikononi, na hakuna dada Rehema wa kumuuliza saa nane za usiku. Ila niseme ukweli, kwa ajili ya Saida na jirani yake wajue. Kwenye picha za harusi yangu zote nimefunga mdomo. Mpaka leo nikicheka mkono unakwenda wenyewe kufunika.

Wifi Saida (3:15): Nimesikiliza sauti ya mama mara tatu. Nimeshindwa kuendelea kufua. Shikamoo mama. Asante kwa kutuambia.

Bibi (3:20): [Ujumbe wa sauti]

"Marahaba mwanangu."

Baba Zuhra (4:45): Tumeshaonwa. Wamempima malaria, hana. Joto 37.9. Wamempima uzito, kilo 9.4, mwezi uliopita zilikuwa 9.8. Wamemvisha mkononi ule utepe wa kupima lishe, umesoma kijani, yaani yuko salama. Tumepewa ORS nyingine na vidonge vya zinki, kimoja kila siku kwa siku 10. Nimeomba dawa ya kukata kuharisha, daktari akakataa.

Mama Mkubwa Rehema (4:50): Kakataa vizuri, dawa hizo si za watoto. Zinki unaiyeyusha kwenye kijiko chenye maji kidogo au maziwa ya mama, sekunde chache tu. Mmalize siku zote 10 hata akiacha kuharisha kesho. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea: tumbo likitulia vidonge vinasahaulika juu ya kabati. Zinki inafupisha ugonjwa na inamkinga asirudie miezi michache ijayo. Mkimwona ameshindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki, ana degedege, au kinyesi kina damu, msiandike humu. Nendeni.

Mama Zuhra (4:52): Na chakula? Hataki kabisa.

Mama Mkubwa Rehema (4:55): Endelea kumpa anachokizoea, kidogo na mara nyingi. Akishapona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, ile gramu 400 irudi.

Bibi (5:10): [Ujumbe wa sauti]

"Ndizi mbivu. Na uji wa mchele uliopondwa na nazi kidogo sana. Usimlazimishe, mwekee mbele yake ujifanye unakula wewe."

ALHAMISI

Mama Zuhra (12:40 jioni): Anakula! Ndizi nzima na wali kwa mchuzi wa dagaa. Choo kimeanza kushikana. Lakini tangu apone amekuwa mtu mwingine. Leo nimekiosha kile kikombe cha bluu, nikakigeuza kwenye karai kikauke. Amekiona. Alijitupa chini uani, akagaragara, akajigonga kichwa, majirani wakatoka. Nikampa kikombe, akakirusha. Nikakiokota, akalia kwa nini nimekiokota.

Mama Mdogo Asha (12:44): Wa kwangu alikuwa hivyo kwa ganda la ndizi. Alitaka nilirudishie ndizi ndani.

Baba Zuhra (12:51): Nilikuta bado analia. Nilikaa sakafuni karibu naye, sikusema kitu. Nilimwambia tu, "Umekasirika. Kikombe chako kimelowa." Ilikuwa kama dakika kumi. Halafu akaja mwenyewe akaweka kichwa kwenye goti langu. Sijawahi kukaa dakika kumi na mwanangu bila kufanya kitu kingine.

Mama Mkubwa Rehema (1:05 usiku): Umefanya vema shemeji. Ana mambo mengi kichwani na maneno hayazidi ishirini. Mkiangalia tu asijiumize, inatosha. Na mtoto aliyetoka kuumwa hudeka, amezoea kubebwa siku tatu.

Bibi (1:15): [Ujumbe wa sauti]

"Zamani tungemchapa. Mwacheni alie."

Wifi Saida (2:30): Nimetoka kwa jirani. Nilimpelekea simu akasikiliza sauti ya mama, niliomba ruhusa kwa mama kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Akawaita mapacha, akawafungua midomo mmoja mmoja. Wana miaka minne. Chonge za juu hazipo kwa wote wawili. Ameniuliza kama za ukubwani zitaota, sikuwa na jibu.

Mama Mkubwa Rehema (2:41): Mwambie asijitese, alifanya kwa mapenzi. Awapeleke kwa daktari wa meno wakatazamwe. Chonge za ukubwani hutoka kuanzia miaka 9 hadi 12, kwa hiyo bado ana muda wa kuwafuatilia. Na akiwa tayari, mpe namba yangu.

Wifi Saida (2:43): Nimempa. Ana shoga yake mwenye mtoto wa miezi 8 anayeharisha. Amesema kesho atakwenda naye zahanati, si kule.

JUMAPILI, WIKI ILIYOFUATA

Mama Zuhra (3:12 asubuhi): Vidonge vya zinki vilikwisha Alhamisi, vyote 10. Tumekwenda kupima tena, kilo 9.7. Wametukumbusha chanjo ya pili ya surua na rubela akitimiza miezi 18.

Mama Zuhra (3:14): Na tazameni hiki. Nimepiga akiwa anacheka kwenye beseni la kuogea.

[Picha]

Mama Zuhra (3:15): Juu kushoto. Limechomoza usiku. Ukipitisha kidole linakwaruza.

Mama Mkubwa Rehema (3:17): Mashallah. Ile punje ya mchele.

Mama Mdogo Asha (3:18): Jino zima hilo!

Bibi (3:30): [Ujumbe wa sauti]

"Mjukuu amenikuzia picha mpaka jino limejaa kioo chote. Jeupe. Omari, umeliona?"

Mjomba Omari (3:34): Nimeliona mama. Nimemwonyesha na mke wangu.

Mjomba Omari (3:41): [Picha]

Mama Zuhra (3:42): Kaka! Umecheka mdomo wazi.