Nimepunguzwa kazi ya minara baada ya miaka saba, wanataka nisaini karatasi kabla ya Ijumaa. Nifanyeje wakuu?

Saiti38:

Wakuu habari za jioni, heshima kwenu. Mi sio mwandikaji humu nasomaga tu, ila leo mke wangu kaniambia kaulize huko unakoshindaga unacheka peke yako, ndo nimekuja.

Iko hivi, mi ni fundi wa minara ya simu, nina cheti cha VETA cha umeme, nipo na kontrakta mmoja (jina naliacha) toka 2018. Waliniajiri Dar nikapiga miezi kama mitano Mbagala na Kigamboni wakanileta Kahama, nimekaa huku mpaka leo. Saiti nilizokuwa nasimamia ni 38, nyingine ukitoka lami ni masaa mawili ya vumbi na mvua ikinyesha unalala hukohuko kwenye kibanda cha mlinzi. Kazi yenyewe jenereta, rektifaya (ya kugeuza umeme kuwa DC), betri, kiyoyozi, kukimbizana na alamu saa nane usiku, mnajua mtandao ukikata watu wanatukana kampuni ya simu ila anayeamka ni mimi.

Kazi kupungua tulikuwa tunaona. Umeme wa TANESCO umefika vijijini, saiti nyingi zimetoka kwenye jenereta, betri za zamani zimetolewa zimewekwa za lithiamu ambazo zikiumwa zinajisema zenyewe, mtu yuko Dar anaziona kwenye kioo. Saiti tuliyokuwa tunaenda mara mbili kwa mwezi ikawa mara moja kwa miezi mitatu. Alafu mwezi uliopita kontrakta kapoteza tenda ya kanda yetu. Jumatatu tukaitwa mafundi tisa tukaambiwa sita hatuendelei. Siku hiyohiyo wakachukua gari, laptopu na boksi la vifaa, HR akatoa karatasi imeandikwa "makubaliano ya kusitisha ajira kwa hiari", ukisaini kabla ya Ijumaa unaongezewa mshahara wa mwezi mmoja, usiposaini "utafuata utaratibu wa kawaida". Huo utaratibu wa kawaida ni upi hajasema.

Mshahara wa msingi laki saba na themanini. Umri 34, watoto wawili, mkopo wa benki umebaki miezi 14. Shemeji ananiambia chukua hiyo hela tuongezee ununue bajaji. Mwenzenu sijawahi kuomba kazi toka 2018, hata sivii sina, nianzie wapi?

mtoto wa Ngara:

Pole sana mkuu. Na ile dizeli mliyokuwa mnauza mmeiweka wapi, si ndo mtaji huo 😂

Saiti38:

Haha mkuu dizeli waliuza wengine mi nikawa naandika ripoti, ndo maana hata bajaji sina

Wakili Uchwara:

Usisaini. Narudia usisaini, alafu ndo tuongee.

Neno "kwa hiari" hapo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Wanachokufanyia wewe ni kupunguza wafanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 38 inasema mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane namna ya kupunguza, wanachaguaje wa kuondoka na malipo yatakuwaje. Kuitwa Jumatatu na kunyang'anywa boksi Jumatatu sio majadiliano. Ukisaini umehama kutoka kuachishwa kwenda kuacha mwenyewe, wao wamepona.

Piga hesabu. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka kumi. We una saba, ni siku 49. Kama ulikuwa unafanya siku sita kwa wiki, 780,000 gawa kwa 26 ni 30,000 kwa siku, mara 49 ni 1,470,000. Hapo bado notisi ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, bado likizo ambazo hujaenda (na nyie wa minara likizo mnazisikiaga tu). Sasa kwenye hiyo karatasi kiinua mgongo kimetajwa au ni huo mwezi mmoja tu?

Saiti38:

Nimeisoma tena sa hivi. Imeandikwa mwezi mmoja na chini yake "mfanyakazi anakiri kuwa malipo yake yote yamekamilika".

Wakili Uchwara:

Ndo umeona sasa. Wanakununua kwa 780,000 usahau zaidi ya milioni mbili.

Na kuna kitu umekitaja ukakipita. Umesema waliniajiri Dar wakanileta Kahama. Kifungu cha 43: ukiachishwa sehemu tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako kukurudisha ulipoajiriwa, au anakulipa nauli, na pia posho ya kujikimu kwa siku zote kuanzia ulipoachishwa mpaka uliposafirishwa. Watu wengi wanaisamehe hii bila kujua. Tafuta mkataba wako wa kwanza, angalia umesainiwa wapi.

Wakikuachisha, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), hesabu toka siku ya kuachishwa. Huko hulipii, unajaza fomu namba 1, Shinyanga wapo. Usikae unasema ngoja nione HR atanipigia.

Nyundo ya Tabora:

Mi naomba nitofautiane kidogo na mwanasheria wetu. Dunia ya minara ni ndogo sana, makontrakta wanajuana, tenda ikihama hata masupavaiza wanahama nayo. Kontrakta mpya aliyechukua kanda ya Kahama anahitaji mtu anayejua njia za hizo saiti 38, funguo ziko kwa nani, mlinzi gani mlevi. Huyo mtu ni wewe. Ukianza na kesi jina litatangulia. Mimi ningemeza kidonge nisaini alafu kesho yake niko ofisini kwa huyo mpya.

Wakili Uchwara:

@Nyundo ya Tabora kwa huyo mpya aende hata leo, nani kamzuia? Kudai haki yako kwa barua ya heshima sio ugomvi. Aandike "nimepokea karatasi yenu, naomba mchanganuo wa malipo yangu kwa mujibu wa sheria", aombe muhuri kwenye nakala yake. Mara nyingi wakiona mtu kaandika hivyo wanaleta hesabu mpya wenyewe bila kufika CMA.

Na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) umeisahau. Lipo fao la kukosa ajira, kwa aliyechangia angalau miezi 18, ni theluthi ya mshahara yaani asilimia 33.3 kwa miezi sita. Kwa mshahara wake ni kama 260,000 kila mwezi. Ila ni la aliyeachishwa, sio aliyeacha kwa hiari yake, hiyo karatasi anaenda kuikutia tena dirishani pale NSSF. Saiti38 kesho pitia NSSF uchukue taarifa ya michango, hakikisha miezi yote ipo, kuna waajiri wanakata kwenye mshahara alafu hela haifiki.

Bajaji Nne:

Usiangalie jina langu, hizo nne nilikuwa nazo. Nilipunguzwa kiwandani nikaingiza kiinua mgongo chote kwenye bajaji ya kwanza, nyingine tatu za mkopo. Dereva analeta hesabu wiki mbili, ya tatu anasema kagongwa, ya nne haumpati. Mi sio dereva na sio fundi wa bajaji, kila kilichoharibika nilikuwa nalipia ujuzi wa mtu mwingine. We una ujuzi wako unaokulipa, unaenda kuuweka kabatini ukanunue wa kukodi? Shemeji mwambie anunue yeye.

kaka_wa_Doha:

Bro njoo Qatar, mafundi umeme wanatafutwa, nina wakala ananiaminia, viza na tiketi ni milioni moja na nusu tu, njoo PM (ujumbe wa faragha).

Mama Neema Shy:

Jamani mwanangu usiende PM ya mtu. Mdogo wangu alitoa hela hivyohivyo kasubiri tiketi mpaka namba ikazimwa. Kazi za nje zipo kweli ila pitia TaESA (wakala wa serikali wa huduma za ajira) uwaulize wakala gani ana leseni, anayekuomba hela ya viza kabla hujaona mkataba mkimbie.

Mzee wa Volti:

Nimesoma toka juu, mambo ya sheria mmeyamaliza, mi niongelee kazi maana ndo aliyouliza.

Kijana unasema wewe ni fundi wa minara. Ukijiita hivyo unatafuta kazi kwa makontrakta labda watano nchi nzima, na wote wanapunguza kwa sababu ulizozieleza mwenyewe vizuri. Hebu niambie mnara una nini cha simu ambacho wewe ulikuwa unakigusa? Redio hukugusa, antena hukugusa labda siku moja moja. Ulichogusa miaka saba ni umeme wa TANESCO unaingia, jenereta inapokea ukikata, rektifaya inageuza kuwa volti 48 za DC, betri zinabeba katikati, na hakuna kuzimika hata dakika. Wewe ni fundi wa umeme usiozimika. Nani mwingine hapo Kahama anataka umeme usiozimika? Hospitali, benki, vituo vya mafuta, vyumba baridi, viwanda vya kukoboa mpunga ambavyo Kahama mnavyo vya kumwaga, jenereta ya kila mmoja ina fundi wa kubahatisha anayekuja na waya mfukoni. Migodi ndo usiseme, Bulyanhulu hapo, Geita sio mbali. Reli ya SGR kipande cha Mwanza mpaka Isaka nacho kiko jirani, mitambo ya ishara na mawasiliano ya reli inakula umeme wa aina uleule uliokuwa unaulea.

Vituo vya afya vijijini vimefungwa sola, betri zinakufa mapema kwa sababu aliyefunga akishaondoka hakuna anayepima. Mi nimeona kituo friji ya chanjo inalindwa na betri mbili kati ya nane, sita zimeshakufa na hakuna anayejua.

Sivii yako usiandike "nilihusika na matengenezo". Andika saiti 38, jenereta za ukubwa wa kVA ngapi, rektifaya za aina gani, ulibadilisha betri ngapi kwenda lithiamu, ulikuwa unafika ndani ya masaa mangapi alamu ikilia. Mtu wa mgodini akisoma hizo namba anajua anaongea na nani. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Kabla hujaachana nao omba vitu viwili. Cheti cha utumishi, sheria inawataka wakupe. Na nakala za vyeti vyako vya mafunzo ya kufanya kazi kwenye urefu na huduma ya kwanza, najua vimekaa kwenye faili la kampuni, mgodini hupiti geti bila hivyo. Alafu cheti chako cha VETA kitumie kuombea leseni ya ufungaji umeme EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji). Bila leseni utaishia kuwa saidia fundi wa mwenye leseni na yeye ndo atachukua hela.

Saiti38:

Mzee umenifanya nikae chini. Miaka yote najiita mtu wa minara. Kuna mwenye kiwanda cha mpunga njia ya kwenda Isaka alishawahi kunisimamisha na gari la kampuni akaniomba nimwangalizie jenereta nikamwambia siruhusiwi.

Mzee wa Volti:

Sasa unaruhusiwa. Mpigie.

Nyundo ya Tabora:

Hapo nimekubali. Na benki wahi kabla hujakosa rejesho la kwanza, waombe wakuongezee muda, ulizia pia bima ya mkopo kama inagusa kupoteza kazi maana nyingi ni kifo na ulemavu tu. Ukishachelewa miezi miwili wanakuongelesha lugha nyingine. Na usije ukaziba kwa kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa), tafadhali.

Saiti38 (Ijumaa usiku):

Wakuu mrejesho. Sikusaini. Nilipeleka barua jana na nakala yenye muhuri ninayo, HR aliisoma mara mbili akaniuliza nani kaniandikia, nikamwambia mke wangu. Leo mchana wamenipigia wanasema wataleta "hesabu iliyorekebishwa" Jumanne, na wenzangu wawili ambao hawajasaini nao wameambiwa wasubiri. Watatu walishasaini Jumatano, naumia kwa kweli. NSSF nimekuta mapengo miezi minne ya 2021, nimechukua taarifa nimetunza.

Yule wa mpunga nimempigia. Jenereta inawaka vizuri ila akiiwekea mashine mbili kwa pamoja volti zinashuka inazima, fundi wake kamwambia anunue nyingine kubwa. Kataka niwe pale kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimchaji bei gani?

Mzee wa Volti:

Inaweza kuwa kidhibiti volti, inaweza kuwa filta ya dizeli imeziba injini inakosa nguvu, usimwambie anunue kitu hujapima. Hela ya kufika na kupima peke yake iwe elfu hamsini, matengenezo baadae. Usione aibu, jenereta mpya aliyoambiwa anunue ni mamilioni. Una mita ya kupimia?

Saiti38:

Ilikuwa kwenye boksi la kampuni mzee. Na kleimpu mita pia.

Mama Neema Shy:

Marehemu mume wangu alikuwa fundi TANESCO, vifaa vyake viko ndani tu vinakaa, kuna hiyo ya kupimia na ile ya kubana waya. Niko Shinyanga mjini. Basi la kwanza la Kahama naliwahi alfajiri, nitampa kondakta, mwambie huyo bwana wa mpunga utafika saa mbili. Nitumie jina lako PM nikuandikie kwenye mfuko.

mtoto wa Ngara:

Mama si ulisema asiende PM ya mtu 😂