Naomba ushauri: "in-" ya Kiingereza inakanusha au haikanushi?

Mwanagenzi: Wakuu, heshima kwenu. Najisomea Kiingereza, na njia yangu ni kushika viambishi awali ili nisibebe maneno moja moja. "In-" nimeiweka kuwa kinyume: "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi, "visible" kinaonekana, "invisible" hakionekani. Nikafika kwenye "inflammable". Kwa kanuni hiyo ni kitu kisichoshika moto, lakini kamusi inasema kinashika moto upesi! "Invaluable" nayo eti ni ya thamani kubwa mno. Je, niitupe kanuni? Na hizi "im-", "il-" na "ir-" ni kiambishi kilekile au kila kimoja na habari yake?

Kalamu ya Risasi: Usiitupe. Kilatini kilikuwa na "in-" mbili, sura moja ila ukoo mbalimbali. Moja inakanusha, nyingine ni ya "ndani". Hiyo ya ndani ndiyo unayoiona kwenye "import", kuleta bidhaa ndani ya nchi, na "inhale", kuvuta hewa ndani. "Inflammable" inatokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, kwa hiyo haikukanusha chochote tangu mwanzo. Utata wake ni wa hatari, na ndiyo maana miaka ya 1920 chama cha kukinga moto cha Marekani, NFPA, kilihimiza watu waandike "flammable". Kisichoshika moto ni "non-flammable". Tazama pia "inhabitable": nyumba inakalika. Isiyokalika ni "uninhabitable".

"Invaluable" ni kesi nyingine. Hiyo inakanusha kweli, ila kinachokanushwa ni kukadiria. Thamani yake haikadiriki.

Bibi Kamusi: Hizo "im-", "il-" na "ir-" ni "in-" ileile, imefuata herufi inayokuja mbele yake. Mbele ya p, b na m inakuwa "im-": "impossible", "imbalance", "immoral". Mbele ya l, "illegal". Mbele ya r, "irregular". Wewe mwenyewe unafanya hivyo kila siku, mwanangu. Unasema nguo nzuri, lakini nguo mbovu. N imegeuka m kwa sababu ya b. Njia nayo ni ndefu, si "nrefu". Hakuna aliyekukaririsha, midomo inataka urahisi.

"Un-" haigeuki kamwe: "unpopular", "unlimited", "unreal". Hiyo ni ya Kiingereza chenyewe, haikutoka Kilatini.

Mpita Njia: Kwa hiyo "uncle" ni mtu asiye na "cle"? 😂

Bibi Kamusi: Cheka tu, wapo wanaokwama hapo. Si kila "un" ni kiambishi. "Union" na "uniform" zina "uni-", yaani moja.

Sina Haraka: Mimi sikubaliani na habari za viambishi. Ukitoa "in-" kwenye "infamous" unabaki na "famous", mashuhuri. Basi "infamous" ni asiyejulikana? Hapana, ni anayejulikana kwa ubaya. Soma sana, maneno yatakuja.

Kalamu ya Risasi: Kusoma sawa, lakini kiambishi kinakupa pa kuanzia. Mkuu, ukikutana na neno jipya, toa kiambishi, kisia maana, kisha pima ndani ya sentensi. Ikigoma, ndipo ufungue kamusi. Maneno kama "infamous" yaandike pembeni, si mengi.

Mwanagenzi: Shukrani. Na "un-" kwenye vitenzi? "Unfold" sioni kama ni "kutokunja".

Bibi Kamusi: Umeona vyema. Kwenye kivumishi, "un-" ni "si": "unhappy", hana furaha. Kwenye kitenzi inatengua kilichofanyika, kama sisi tunavyobadili mwisho wa neno: kunja na kunjua ni "fold" na "unfold", pakia na pakua, "load" na "unload", vaa na vua, "dress" na "undress".

Mwanagenzi: Basi "unlockable" ni ipi kati ya hizo?

Bibi Kamusi: Zote mbili. Ukiunganisha "un-" na "lockable", ni mlango usioweza kufungwa kwa ufunguo. Ukianza na "unlock", ni mlango unaoweza kufunguliwa. Hapo angalia sentensi, kamusi itakupa zote.