MJADALA: Katuni ya mazingira ya watoto wa Kigoma, adui wake awe nani?

Wadau, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu imetugawa walimu na wazazi hapa kwetu Kigoma Ujiji, na upande wangu ninao, sitauficha.

Kuna vijana wachoraji hapa mjini wanataka kutengeneza katuni fupi za kuwafundisha watoto mazingira: ziwa, misitu, taka. Wakatuomba walimu na wazazi tuwasaidie hadithi. Kikao cha kwanza hakikuchukua muda tukawa tumeshagawanyika, na tulichobishania ni kimoja: adui awe nani. Wengi walisema awe mchoma mkaa na mvuvi wa kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukweni. Hao ndio waharibifu, watoto waambiwe ukweli. Mzee mmoja akamalizia kwa "mchelea mwana kulia hulia yeye", watu wakaitikia.

Mimi napinga, na nina sababu.

Kuna wakati wageni walikuja shuleni na katuni ya namna hiyo. Wakatundika shuka jeupe ukutani, wakafunga madirisha kwa makhanga, watoto wakabanana. Mchoma mkaa alikuwa na macho mekundu, meno yametoka nje, baiskeli imebeba magunia matatu, na kila anapopita miti inalia. Darasa la nne walicheka mpaka wakapiga madawati. Nilisimama nyuma karibu na mlango, nikamwona mtoto mmoja hacheki. Alikuwa anakwangua ukingo wa dawati kwa ukucha, taratibu, uso chini. Baba yake huleta mkaa mjini kwa baiskeli na darasa zima linajua, maana mama zao ndio wateja. Mapumziko hayajaisha, walikuwa wameshambandika jina la yule wa kwenye shuka.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Nilipokwenda kwao nilimkuta anamshikia baba yake kamba, wanafunga mdomo wa gunia kwa majani. Yule baba alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, halafu akaniuliza bila hasira: "Mwalimu, mmewaambia nini watoto kuhusu mimi?" Nilikosa la kujibu, na swali hilo ninalo mpaka leo.

Sasa tuseme ukweli wote, kama tunautaka. Mkaa unachomwa porini kwa sababu sisi wa mjini, wa Mwanga na Ujiji, tunaununua. Maharage ya shule yanaiva kwa kuni. Katuni inayomchora mwenye baiskeli na kuliacha jiko letu nje ya picha haijasema ukweli, imechagua mnyonge wa kumsingizia.

Ziwani ndiyo zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, lakini chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, samaki hawaishi. Rutuba nyingi imelala huko chini. Inayoipandisha juu ni pepo za kiangazi zinazovuma kutoka kusini na kuyakoroga maji. Rutuba ikipanda, vijimea vya majini vinaota, vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunawala wote. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi na kuelea juu ya yale ya baridi, upepo unashindwa kuyachanganya, na mnyororo mzima unakonda. Hilo joto linatokana na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, na mvuvi wa hapa kwetu Kibirizi mchango wake humo ni mdogo mno. Ukimwonyesha mtoto kwamba dagaa wamepungua kwa sababu ya baba yake peke yake, umemdanganya.

Sisemi kokoro halina kosa. Linakomba makinda pwani, na kupigwa kwake marufuku ni haki. Watoto wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walishaona kwa macho yao ziwa linafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane: mitumbwi imepandishwa mchangani, vichanja vya dagaa vitupu. Hawa si watoto wa kuhubiriwa kwamba samaki wanaweza kuisha. Wanachohitaji ni kuelewa kwa nini, bila kumchukia aliyewalea.

Ndiyo maana nimependekeza steringi awe samaki, kuhe. Kila mtoto hapa anamjua kwenye sahani, wachache wanajua maisha yake. Ni wa jamaa moja na perege, na ndiye mkubwa kuliko wote katika jamaa hiyo. Dume na jike wanalinda makinda pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, wakimfukuza kila anayesogea. Hebu fikirini picha hiyo: juu mtumbwi wa baba anayetafuta sare ya shule ya mwanawe, chini baba mwingine anazungukia wanawe. Hapo mtoto atauliza mwenyewe.

Na adui awe tope. Milima ikikatwa miti, mvua inashusha udongo mitoni, mto Luiche unafika ziwani karibu na Ujiji ukiwa mwekundu, na tope linatua juu ya mawe ambako samaki wengi wadogo hula mwani na kutagia. Tope lina sura nzuri kwa katuni. Linakua, linanyamaza, linaingia usiku. Na halina mtoto darasa la nne.

Kuna waliosema hadithi bila mtu mbaya haina utamu, wakatoa mfano wa fisi katika ngano zetu. Ni hoja nzuri na nimeiwaza sana. Lakini fisi ni fisi. Hakuna mtoto anayerudi nyumbani jioni akamkuta fisi ndiye anayemkatia mkate.

Mwingine kasema pesa za kutengenezea katuni zinunuliwe miche. Miche ipandwe, nani kakataa? Ila mche unaopandwa siku ya sherehe na kuachwa bila maji tumeshauona mara nyingi.

Kuhusu kazi yenyewe, wachoraji walinifungua macho. Katuni laini ya kuchora kwa mkono huhitaji picha kama 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Mtu akichora 30 kwa siku, dakika hiyo moja inamla siku 24. Kwa hiyo wanataka kuchora viungo mbalimbali mara moja, mkia, mapezi, taya, halafu wavisogeze kwenye kompyuta. Nawaunga mkono. Dakika tatu zinatosha, ziwekwe kwenye memori kadi, zizunguke kwenye simu na vibanda umiza, maana runinga si ya kila nyumba. Sauti ziwe za watoto wa hapa. Na wa Kasulu na Buhigwe watengenezewe ya Kiha pia, kwa sababu kuna watoto wanaingia darasa la kwanza Kiswahili bado kinawapiga chenga.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu aliyeniuliza kwa nini si sokwe: sokwe wa hifadhi ya Gombe wanachunguzwa tangu 1960 na dunia nzima inawajua. Nawapenda. Lakini wanafunzi wangu wengi hawajawahi kupanda boti kwenda Gombe. Waanzie na wanachokiona mwaloni, sokwe atafuata.

Dada aliyesema namtetea mharibifu: hapana, dada yangu. Kwenye hadithi yetu baba anavuta wavu wenye matundu madogo, na makinda yanaonekana humo, hatukuficha. Tunachokataa ni kumwotesha pembe.

Wiki hii ni mbalamwezi, taa za kuvutia dagaa hazifui dafu, wavuvi wako nchi kavu, nyavu zinashonwa. Nitaipeleka michoro mwaloni waione wao kwanza, na yule baba wa mkaa niliyemkosea nimeshamwomba aje. Nyinyi wa Urambo, Kaliua na Sikonge nawasubiri hapa: mtoto ambaye baba yake anakata kuni za bani, lile banda la kukaushia tumbaku, katuni yake mngeichora vipi?