Hii programu ya majedwali imenivua nguo mbele ya bodi

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Hiyo programu mnaijua, Excel, ya kwetu bado lile toleo la zamani la 2003, ipo kwenye kila kompyuta ya ofisi kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwa mlinzi getini.

Nimezunguka vijiji 11 kwa bodaboda kukusanya maoni kuhusu visima. Maelezo ya kila mtu nimeyaandika yote kwenye seli yake, kile kisanduku kimoja cha jedwali. Jana usiku nikakopi shiti nzima kwenda kwenye faili la ripoti. Leo mwenyekiti, mzee wa watu, kavaa miwani, anasoma kwa sauti: "Wananchi wanasema pampu ime"

Kimya. Akageuza karatasi akidhani inaendelea nyuma. "Ime nini?"

IME NINI, wakuu? Imekufa? Imeibwa? Imeolewa? Nafungua faili, maelezo yote marefu yamekatwa kama vitunguu vya kachumbari. Nahesabu herufi: 255 kamili. Seli moja inabeba herufi 32,767, ila kwenye toleo hili la zamani ukikopi shiti nzima inakuachia 255! Mzee kageuza karatasi jamani!

*Kiberiti:* Pole mkuu. Ila toleo la 2003 huwa linaonya kabla ya kukata. Ulibonyeza OK bila kusoma, sema ukweli.

*Mleta uzi:* Kidirisha cha Kiingereza saa saba usiku! Wewe ulikuwepo mzee alipouliza "ime nini"?

*Mama Shughuli:* Mwanangu, usikopi shiti, kopi seli. Fungua shiti tupu, rudi kwenye ile ya zamani, chagua seli zote, Ctrl+C, kapesti kule. Ukitaka upana wa kolamu na mpangilio wa kuchapa ubaki, kopi shiti kwanza, kisha pesti seli juu yake. Faili la mwanzo bado lina maneno yote, tulia.

*Chaka:* Pampu imeolewa 😂😂 mahari shilingi ngapi?

*Mhasibu Mchovu:* Afadhali wewe. Mimi nimeingiza namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, za vibarua 200, tarakimu 20 kila moja. Imeshika 15, tano za mwisho imejaza sifuri. Namba za vibarua wote zinaishia na sifuri tano kama mapacha.

*Kiberiti:* Kolamu ungeiweka iwe maandishi kabla ya kuandika.

*Mhasibu Mchovu:* Na simu je? Naandika 0754, inabaki 754. Nani kaituma ifute?

*Mleta uzi:* Turudi kwenye mada, wakuu. "Pampu ime"...

*Binti Tandika:* Subiri kwanza. Mhasibu, ofisi yenu ipo wapi? Posho yangu ya Juni wanasema imekwama, eti namba ya kitambulisho haisomeki.

*Chaka:* Hata mimi ya Juni!

*Mhasibu Mchovu:* Njoo PM.

*Binti Tandika:* PM ya nini? Semea hapa hapa.