Taa ya UV dakika 10, protini haishikani na DNA. Nikaombe leza?

NyotaYaTanga: Wakuu, shikamooni. Nasoma uzamili Ujerumani na wiki ya tatu hii naumbuka maabara. Nina protini ya lac, ile inayozuia jeni za kusaga laktosi kwenye bakteria E. coli, pamoja na kipande cha DNA inachokishika. Nimeviweka chini ya taa ya nanomita 254 ili mwanga uviunganishe, nikachemsha na SDS (sabuni inayobandua visivyoungana), nikapitisha kwenye jeli inayopanga molekuli kwa ukubwa. Mstari wa protini peke yake upo. Juu yake, pale ingekaa protini iliyong'ang'ania DNA, peupe. Msimamizi anasema nikaombe leza jengo la fizikia. Si mwanga uleule?

Fundi_Mwanga: Marahaba. Karibu uleule, ila taa inadondosha fotoni kama bomba bovu. Hizo dakika 10 protini inabanduka na kurudi, na thaimini jirani kwenye DNA (thaimini ni moja ya besi, yaani herufi za DNA) zinagandana zenyewe. Leza ya Nd:YAG inatoa nanomita 1064. Inapita kwenye fuwele inakuwa 532 ya kijani, fuwele ya pili 266. Pigo moja ni kama nanosekunde 5. Besi inameza fotoni mbili kwa mpigo, ndipo inaunganika na asidi amino iliyoigusa. Ya mbali haiambulii kitu, tofauti na fomaldihaidi inayofunga hata protini kwa protini. Ila ukipata asilimia chache, shukuru.

BibiJeli: Mwanangu, kabla ya leza: sampuli uliiweka kwenye nini?

NyotaYaTanga: Vichupa vya kioo, bibi. Nilifunga na vifuniko isikauke.

BibiJeli: Basi ulikuwa unakiotesha jua kichupa. Kioo cha kawaida kinazuia 254, na 266 pia. Tumia kwatzi, au dondosha tone juu ya parafilmu (karatasi laini ya nta na plastiki), barafu chini, bila kufunika. Na kama kuna ATP (molekuli ya nishati) kwenye bafa, yaani mchanganyiko ulimoyeyushwa sampuli, itoe, nayo inakunywea mwanga. Ukikwama kabisa, weka bromourasili badala ya thaimini. Lin na Riggs walifanya hivyo 1974 kwa protini hiyohiyo yako.

NyotaYaTanga: Nimerudia leo kwa tone, taa ileile. Kuna kimstari! Chembamba, mpaka uinamishe jeli, lakini kipo. Nusu ya sampuli niliitia DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) kwanza, huko hakipo. Leza nimepewa Alhamisi saa mbili usiku.

Fundi_Mwanga: Miwani iwe ya 266, siyo ya kijani tu. Ukiona kijani mezani hayo ni mabaki ya 532. Ya 266 yenyewe huioni, na konea, ngozi ya mbele ya jicho, ndiyo inayoipokea.

NyotaYaTanga: Sawa kaka. Nitaleta picha ya jeli Ijumaa.